Ala

Machi, Upernavik. Baba ameburuta sili hadi mlangoni,
theluji nyuma yake imebaki na mstari mwekundu.
Juditha, dada yangu, anachana tumbo
kwa kile kisu cha marehemu Mama, chenye umbo la nusu mwezi.
Chini ya ngozi, kabla hujaifikia nyama:
shahamu, unene wa kiganja,
nyeupe, yenye haya ya waridi.
"Hili koti," Baba husema, "amelivalia ndani."

Akiba haiozi. Jike la sili hunyonyesha akila haba,
na shahamu yake hugeuka maziwa mazito kama siagi.

Mimi kazi yangu maabara ya hospitali.
Nazungusha damu za watu mashineni hadi itengane:
wekundu chini, maji ya manjano juu,
na kwa aliyekula usiku akasema hakula,
utando kama wa maziwa yaliyopoa. Mafuta hayajui kusema uongo.
Naandika: lehemu, imezidi. Lehemu, imezidi.
Watu huipokea karatasi kama hati ya mashtaka.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Fundi bati huunga birika kwa lehemu,
na mwili nao huunga kuta zake kwa lehemu.
Ndiyo malighafi ya homoni iliyomvunja Baba sauti akiwa kijana,
ndiyo iliyompa Mama mwezi wake wa kwanza.
Jua la Juni likigusa shavu, binamu yake ngozini
huanza safari ya kuwa vitamini;
na miezi ile jua halipo kabisa
tunaikopa vitamini hiyo kwenye ini la samaki.

Na seli, kila seli, ni chumba cha kuta za mafuta:
vichwa vinapenda maji, vimekaa nje,
mikia inayakimbia, imejificha katikati.
Hivyo ndivyo tulivyolala utotoni,
watoto watano chini ya ngozi moja ya kulungu,
vichwa nje kwenye baridi, miguu ikitafutana gizani.

Mwana wa Juditha alizaliwa umeme umekatika.
Hakutetemeka. Mtoto mchanga hajui kutetemeka.
Kati ya mabega yake mafuta ya kahawia
yaliwaka polepole,
taa isiyo na utambi, isiyo na moshi.

Kisu kinaanguka.

Mara ya pili wiki hii. Hakuna anayesema kitu.
Daktari Thyge alituonyesha picha: ubongo wake,
na madoa meupe kama barafu iliyovunjika bandarini.
Neva, alisema, zina ala, na ala hiyo ni mafuta.
Askari wa mwili wake wamekosea adui,
wanaitafuna. Ujumbe unavuja njiani.
Neno "shika" linatoka kichwani
na halifiki kidoleni.

Mafuta haya haya tunayoyalaani kiunoni!

"Nipe kisu changu," anasema Juditha. "Mkono umelala tu,
wewe hulali?" Anacheka peke yake.
Baba anakata kipande cha shahamu, anampelekea mdomoni:
"Kula. Ujaze palipopungua."

Ninajua ninachokijua. Najua nyongo itakivunja kipande hicho
kiwe matone, matone yawe vipande,
vipande vipakiwe upya, vipite limfu, viingie damuni,
na kwamba hakuna hata kimoja chenye anwani ya mkono wake wa kulia.
Nimenyamaza. Nimekula changu.

Usiku namkuta Baba mezani, miwani puani,
anashona ala mpya ya kisu, ngozi ya sili, mshono mdogo mdogo.
Kisha anachovya kidole kwenye bakuli la mafuta
na kuipaka, ndani na nje, na mshononi tena.
"Ngozi kavu hupasuka," ananiambia,
kama kwamba nimemuuliza.