Taa Amezaa Njiti

Walukuba, saa nane usiku, taa zilizimika
na taa akazaa.
Nicheke au nilie kwa lugha hii
inayomwita samaki na balbu kwa jina moja,
na mtoto aliyetoka kabla ya siku zake
na kijiti cha kiberiti
kwa jina moja pia?
Niliwasha njiti niwaone njiti.

Walikuwa wanne, juu ya mchanga,
kila mmoja si mpana kuliko kifuniko cha soda,
na kiini cha yai kikining'inia tumboni,
kikubwa kama njugu,
masurufu ya safari iliyokatizwa.

Kwenye kalenda ya duka la vyuma
nilitia wino mwekundu siku ile
nilipoona meno ya dume ukingoni mwa mwili wake.
Nikahesabu kwa kidole, njiti ikiniunguza:
wiki saba na siku mbili.
Nilikuwa nangoja kumi na mbili.

Hapo chini mto unasaga giza kuwa umeme,
tunausikia ukitulia upepo,
na sisi tunakaa gizani kama watu wa jangwani.
Pampu ya hewa ilikuwa imenyamaza.
Nikachukua pampu ya baiskeli ya Waiswa,
nikaifunga kwenye mpira,
nikasukuma, mkono huu,
kisha huu,
kisha huu tena,
mpaka malori ya miwa yakaanza kupita.
Wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Nangobi wa jirani alikuja na kanga begani.
«Samaki anazaa? Si hutaga?»
«Huyu huzaa. Kama mbuzi.»
«Basi mpikie uji wa mtama.»
Akacheka mpaka akashika mlango,
halafu akatazama ndani ya kioo, akaacha.
Akaenda kwake. Akarudi na chujio la chai,
jipya, lina kibandiko cha bei,
na ndani yake ndimo wanamolala,
limening'inizwa kwa waya pale maji yanapopita polepole.

Nangobi nimemwambia: umeme.
Mke wangu Kagoya nimemwambia: umeme.
Tumuhimbise wa Kampala, aliyekwisha toa arbuni,
nimemwambia kwa simu: umeme, bwana,
si unajua mambo ya umeme.

Lakini Alhamisi, yeye akiwa amesimama hapa
na viatu vyake vya kung'aa,
nilitia wavu.
Nilimtoa mama mzima mzima, nikamlaza chali hewani
ili mteja aone tumbo linavyochezacheza.
Tulihesabu kwa sauti. Tulibishana: watatu, wanne.
Alipiga mkia mara moja, kwenye beseni, si kwangu.
Angenichoma ningekuwa na jeraha la kuonyesha.

Tangu siku hiyo hakula.
Si minyoo, si mukene niliyomkatia vipande.
Nami nikasema, mimba hizo, zina makuu.

Maji ya bomba huyalaza siku mbili pipani
mpaka klorini itoke.
Mto wa ukoo wake uko ng'ambo ya bahari,
na huu wetu, hatua chache kutoka mlangoni,
hajawahi kuuonja.
Sijui kwa nini jambo hili limenijia leo,
niko hapa na tochi mdomoni, nabadilisha ndoo ya tatu.

Wa tatu alikufa Jumapili.

Aliyebaki, kiini chake juzi kilikuwa kunde.
Leo ni punje ya mtama.
Asubuhi aliinua ukingo mmoja wa mwili,
kama mtu anayefunua shuka kidogo
kuona kama kumekucha,
akaushusha.

Simu inalia. Ni Tumuhimbise.
Umeme upo, balbu inawaka,
sina la kusingizia.
Naiacha ilie.