Msumari Mmoja

Mama Aikaeli alinikabidhi ufunguo na sharti:
kila tundu ukutani, elfu tano.
Aliyekutangulia alitoboa, akahama usiku,
tukabaki kuziba kwa dawa ya meno.

Kweli, ukiinama karibu na swichi unayaona:
madoa meupe saba, kama ndui iliyopona.
Na juu ya kitanda, mraba ambao rangi yake haikupauka,
mahali kalenda ya mtu ilipokinga jua.
Wiki tatu nililala chini ya mraba huo
nikijiuliza alikuwa akihesabu nini.

Nikapiga mahesabu. Ninayo pesa ya tundu moja.

Jumamosi nikapanda kutoka Pasua hadi mjini.
Kwenye duka la vinyago karibu na stendi
mlima ulichorwa mara arobaini,
theluji hadi mabegani, twiga miguuni pake,
na kijana, Ndelilio, akaniapia
kwamba rangi hii haichuji hata ukiifua.
"Dada, sebule bila picha ni chai bila sukari."
Sebule! Nina chumba kimoja,
na dirisha langu linatazama kaskazini.
Mlima ninao, wa bure,
ingawa siku nyingi hujitanda wingu kichwani
kama mtu aliyetoka saluni akakutana na mvua.
Akacheka. Bei hakupunguza.

Nikapita saa za plastiki, maua yasiyokufa,
"Mungu Ibariki Nyumba Hii" kwa herufi za dhahabu
(nilizigusa; dhahabu ikahamia kidoleni).

Mbuyuni sokoni, nyuma ya wauza dagaa,
Bi Nakijwa ameketi juu ya debe,
kisigino kimekanyaga utepe wa mwanzi,
anasuka ungo.
Hakunikaribisha. Midomo ilikuwa kazini:
juu mbili, chini moja, juu mbili.
Nikasubiri amalize mzunguko.
Katikati alikuwa amepitisha ukindu wa zambarau,
duara dogo, limepinda upande mmoja.
"Hapo mjukuu aliniita," akasema, "nikapotea hesabu."
Nikamwambia nautaka huo huo.
"Wa mchele?"
Wa ukutani.
Akanitazama kama mtu aliyenunua viatu
avivae mikononi.
"Ukutani," akarudia.
Kisha akapunguza elfu moja, kwa huruma.

Nyundo niliazima kwa fundi baiskeli.
Pigo la kwanza, plasta ikamwagika kama unga.
La pili, jirani akagonga kutoka upande wake.
La tatu, msumari ukashika.
Mama Aikaeli alifika kabla vumbi halijatua,
akapokea noti yake, akaikunjua, akaielekeza kwenye taa.
Haika wa chumba cha nne akachungulia:
"Ungo ukutani? Shoga, wachawi wakikosa usafiri
watakuja kuazima kwako."

Lakini saa moja asubuhi jua likiingia
kila utepe una kivuli chake chembamba,
na duara lile lililopinda
linakaa pale kama neno la mtu aliyekatizwa.
Mraba wa kalenda siuoni tena.

Ndipo mama akaja, kliniki ya macho.
Nikarudi jioni kutoka kazini: ukuta mtupu,
msumari peke yake, umeinama kidogo.
Moyo ukanipasuka. Nikatoka mbio.
Yuko barazani, kanga kiunoni,
ungo unapanda, unashuka, unapanda,
makapi yanaruka na kuku wote wa Mama Aikaeli
wamejipanga kama wanaosubiri mshahara.
Haoni vizuri, mama. Anasikiliza
mchele unavyoanguka.

"Mwepesi," akasema. "Aliyeusuka ana mkono.
Ila wewe ulikuwa umeugeuzia uso ukutani
kama mtoto aliyeadhibiwa."

Tukala wali usio na jiwe hata moja.
Akautundika mwenyewe, akiutafuta msumari kwa kidole,
uso ukitazama chumba.

Asubuhi, sakafuni chini yake,
chuya mbili.
Nimefagia kwingine kote.