Viti Mia Mbili na Kimoja

Jua la Malindi halina dhehebu.
Limemchoma padri ndani ya kanzu yake,
limemchoma na mchungaji wa kanisa la mabati,
na saa saba wote wameshaondoka, kila mtu na kivuli chake.
Nimebaki mimi, Kahindi wa Tsuma, mshika funguo,
na viti vya plastiki uwanjani Muyeye
vimechanganyika kama mchele na choroko.

Kazi yangu ni kuvigeuza, miguu juu.
Chini ya kila kiti pana jina:
KATOLIKI kwa rangi ya buluu,
ANGLIKANA kwa nyekundu, herufi za mtu mwenye haraka,
METHODISTI kwa msumari wa moto,
na wale wa mabati wameandika tu BWANA ANAONA,
maana vyao viliwahi kuibwa.

Wiki tatu tulikaa kamati.
Nani aombe kwanza, nani afunge.
Ngoma ziwepo, au kinanda peke yake.
Tupige magoti, au tusimame?
(Fondo, mwenye magoti mabovu: Mimi Mungu atanipokea nimekaa.)
Tulipofika kwenye mkate, tulinyamaza
mpaka chai ikapoa.

Leo mhubiri ametuambia: mchele mmoja, mapishi mbalimbali.
Tukapiga makofi.
Hakusema tutapakuliwa lini.

Maana ulipofika wakati wa meza,
Kadzo, mke wangu, alikuwa kushoto kwangu.
Miaka kumi na tisa sahani yetu moja,
mtoto tuliyemzika tulimzika pamoja,
Jumapili tu ndiyo hutuachanisha penye kinu cha kusagia mahindi,
yeye mkono wa bahari, mimi wa barabara kuu.
Nikaingia kwenye foleni. Yeye akabaki,
kofia yangu mapajani,
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.
Padri alimwekea mkono kichwani, akambariki,
hilo nalisema, nisije nikamsingizia.
Lakini mwenye njaa humwambii:
si harufu umeipata?

Najua ziko sababu.
Zina tarehe, zina watu waliozifia,
na mimi ni mshika funguo tu, sizichezei.
Ila hiki cha BWANA ANAONA mguu wake umefungwa waya;
waya ule niliukata mimi, stoo ya Wakatoliki,
siku ya matanga ya mama yake Fondo.
Na hiki chetu, tazama: mtu alipanga viti
kabla rangi haijakauka, kimoja juu ya kingine,
sasa kalio la KATOLIKI lina ANGLIKANA
nyekundu, imesomeka kinyumenyume.
Nimekisugua kwa mchanga. Haitoki.

Hesabu: hamsini, hamsini, hamsini, hamsini.
Na kimoja.
Nimekigeuza mara tatu. Chini yake peupe.
Nimewapigia simu wote wanne,
na kila mmoja, kwa upole wa wiki ya umoja:
Hapana ndugu, hicho ni cha wenzetu.

Kadzo amerudi na bakuli la wali wa nazi,
kofia yangu ameivaa yeye.
Amekaa pale pale, kwenye kiti kisicho na jina,
mimi nimechuchumaa mchangani,
tunakula, mkono wake, mkono wangu,
ukoko tunagombania.

Hiki cha nani? ameuliza, mdomo umejaa.

Hata sijui.
Usinyanyuke.