Ukakasi

Zamani hapa palikuwa na mashine ya kusaga.
Unga bado umelala juu ya kenchi,
na mlangoni, kwa chaki iliyogoma kufutika:
LEO HAKUNA KUKOPA.
Sasa kuna meza moja, kitambaa cha plastiki cha maua,
glasi sita, mbili tu ndizo zinazofanana,
na Bi Asumpta Nalyoto, aproni ya kijani,
anafuta glasi iliyo safi ili mikono ipate kazi.

"Karibu uonje. Kuonja hatuuzi," anasema.
"Tunauza kumeza."

Ya kwanza ni ya choya,
nyekundu kama wino wa mwalimu aliyekasirika.
Inauma pembeni mwa ulimi, kisha inaomba radhi.
Ya pili ni ya nanasi,
tamu kama mgeni siku ya kwanza.
Siombi aongeze.

Anasogeza kopo la bati.
"Ukitaka kutema, tema humu.
Semina ya Dodoma walitufundisha kutema."
Nani hutema hapa Newala,
ambako maji yenyewe hupanda mlima kwa dumu?
"Mkaguzi peke yake," anasema.
"Naye, glasi ya kwanza tu."

Ya tatu anaimimina bila kuitangaza.
Rangi ya chemli inayoishiwa mafuta.
"Bibo," anasema, taratibu,
kama anayetaja jina la ndugu aliyewahi kufungwa.

Nanusa,
na chumba kinapoteza kuta.

Mama anakamua mabibo kwenye hori la mti,
viganja vyeusi kwa utomvu, nyuki kichwani kama kilemba.
Korosho za baba zililipa deni la salfa.
Ada yangu ililipwa na uraka:
kata moja daftari, kata mbili kalamu na rula,
mtungi mzima, sare ya kidato cha kwanza.
Walipokuja mgambo aliumwaga nyuma ya choo.
Kuku wa jirani walipepesuka hadi magharibi,
nasi tukacheka, watoto, Mungu atusamehe,
huku yeye akipandishwa kwenye gari.
Siku tisa.
Akarudi na kanga ile ile,
akauliza kama tumekula.

"Unaonja nini?" Bi Asumpta ananisukumia daftari.
"Wageni huandika."
Wa juu yangu kaandika: *asali, maua ya porini.*
Wa juu yake: *Imenikumbusha mke wangu, sisemi yupi.*
Kalamu inaning'inia.
Niandike gunia lililolowa?
Niandike vumbi la salfa kwenye nyusi za baba, mwezi wa sita?
Niandike lile doa la bibo kwenye shati jeupe,
ambalo sabuni ya mche ililisugua
hadi shati likaondoka, doa likabaki?

Naandika: *ina ukakasi kidogo.*

Anasoma juu chini, anatabasamu upande mmoja.
"Tunautoa kwa uji wa mchele," anasema.
"Unashuka nao chini, taratibu, usiku kucha."
Mbona haukutoka wote?
"Tunaubakiza kwa makusudi.
Ukiisha wote, hii inakuwa ya watu wengine."

Nachukua chupa mbili.
Lebo imebandikwa kwa mkono, imeenda upande kidogo,
alama ya ubora, namba ya kundi, tarehe,
na bibo limechorwa likiwa limebeba korosho yake chini
kama mama aliyesahau mtoto yuko upande gani.
Nje, pikipiki inapasha injini; dereva wangu ana haraka.

Bi Asumpta anatoa kimashine cha risiti,
anakipangusa kwa aproni.
"Lazima," anasema, "la sivyo watatufungia.
Niandike jina la nani?"

Nafungua mdomo kutaja langu.
Ulimi bado umekauka pembeni, pale pale.

"Veridiana," nasema. "Veridiana Nankoma."

Ananiuliza herufi moja moja. Namtajia.
Kimashine kinalia kama panzi,
kinatema karatasi yenye joto:
tarehe, saa, chupa mbili, mvinyo wa bibo,
mteja, jina lake lote bila kosa,
na chini kabisa, kwa wino hafifu,
kodi imelipwa.