Kijiji, Kisha Jina

Mbale, Ijumaa ya malipo. Umeme umekatika,
kompyuta inakula betri, foleni inakula asubuhi.
Wakulima elfu kumi na moja nimewahifadhi ndani ya kivinjari
ili mtandao ukilala, kahawa isilale.

Mwanzo nilitafuta kwa jina tu.
Nikaandika Nandutu, wakatoka mia mbili na arobaini,
kila mmoja na mibuni yake, na deni lake la mbolea.
Mlima mzima uliitika.

Ndipo nikafunga viwili kwa kamba moja:
kijiji, kisha jina, ndani ya mabano ya mraba.
Mpangilio si urembo.
Anayejua kijiji huenda moja kwa moja akabisha hodi;
anayejua jina peke yake na azunguke kila ua,
faharasa haisomwi kuanzia tumboni.

Na nikitaka kijiji kizima
mpaka wa juu ni kijiji chenyewe, kisha mabano matupu.
Nilicheka usiku nilipoligundua:
katika JavaScript, utupu uliofungwa vizuri
huja baada ya majina yote,
baada ya Mafabi, baada ya Wolimbwa,
kama mtu wa mwisho anayefunga geti.

Kuloba wa mizani alinipigia makofi.
Tukalipa hadi saa sita.

Akaja mama na kitambulisho kilichokunjika.
Nandutu.
Kijiji?
Akanyamaza. "Kiliteremka."

Mvua ya mwaka juzi. Nyumba, mibuni, kanisa la mabati,
vyote na matope hadi mtoni.
Sasa analala kwa shemejiye, Nakaloke.
Aliyemwandikisha aliruka swali,
nami, kwa kupenda usafi,
sikuhifadhi sehemu isiyojazwa.

Rekodi yake ilikuwemo:
kilo mia na themanini za buni, tarehe, dole gumba.
Ila ufunguo uliokosa nusu
hauingii kwenye faharasa. Haukataliwi, haulalamiki,
unabaki nje kimya kimya.
Nilimweka ndani, nikamnyima mlango.

Nikapita rekodi baada ya rekodi, zote,
betri asilimia tisa,
foleni ikiguna.
Huyu hapa.
"Mama, niandike kijiji gani?"

"Bunashibi," akasema. "Sisi hatukukihama.
Ndicho kilichotuhama."

Nikaandika. Nikatafuta upya, kijiji, kisha jina.
Akaja mmoja tu.

Kuloba akahesabu noti mara mbili.
Asilimia nne.
Anayefuata.