Fomu Namba 118

Siku ishirini na moja, mkataba wangu.
Kwa siku hizo mkoa wa Gafsa
umepungukiwa mtu mmoja asiye na kazi: mimi,
ninayewahesabu wenzangu.

Napiga hodi. Vumbi la fosfati
limelala vizingitini, jeupe, kama unga
wa mkate ambao hakuna aliyeuoka.
"Karibu," asema Tijani bin Lazhari,
miaka thelathini na minne, shahada ya elimu ya maji,
meno ya hudhurungi kwa maji hayo hayo aliyoyasomea.

Swali la tisa. Juma lililopita
ulifanya kazi yoyote ya kipato, japo saa moja?
Anafikiri. Ni mkweli, maskini.
"Jumanne nilimtengenezea Bi Monjia pampu.
Alinipa mayai sita."
Ilichukua muda gani?
"Saa moja. Na dakika kumi za kutafuta bisibisi."

Basi kalamu yangu inamwajiri.
Kisanduku cha kwanza, alama ya vema,
na huko Tunis, kwenye chati ya waziri,
mstari utashuka kwa unene wa unywele,
na mtu atasema, afadhali.

Msimamizi alituonya: msiandike pembeni,
mashine haisomi pembeni.
Lakini pembeni ndiko watu wanakoishi hapa.
Nikaandika, kwa herufi ndogo: mayai sita.
Nikaandika: aliacha kutafuta mwaka wa tano,
siku orodha ya kampuni ilipobandikwa ukutani
na mvua ikaifuta kabla hajalifikia jina la mwisho.
Nikaandika: hakuna aliyewahi kuuliza
ni pampu ngapi zimekufa mjini humu.

Mama yake akaleta chai, lozi mbili zikielea juu.
"Hizi karatasi zitamletea kazi?"
Sikutaka kumdanganya. Nikanywa polepole.
Treni ikapita na mlima wetu, mabehewa arobaini,
vikombe vikatetemeka, tukasubiri iishe.
"Daktari," nikasema, "hupima kwanza."
"Daktari," akasema, "hurudi."

Hilo nalo nikaliandika pembeni.

Mkataba uliisha Ijumaa. Jumatatu simu ikalia:
kijana wa takwimu, sauti ya usingizi.
"Fomu mia moja na kumi na nane. Hii saa moja
umeipigia mstari mara mbili. Ni kosa?"
"Kosa lipo," nikamwambia, "ila si la Tijani.
Una dakika kumi? Tafuta bisibisi."