Tundu la Koti

Bwana, leo sikuletei machozi.
Uliyonayo ya kwangu yanatosha kukandia unga.
Nimekuletea koti la marehemu mume wangu, Smbat,
sufu nzito, rangi ya majivu,
na tundu ubavuni, upana wa kidole gumba.

Unaijua Gyumri. Unaijua ile Desemba,
ardhi ilipojinyoosha kama ng'ombe anayeamka
na shule ikakaa chini, watoto wakiwa ndani.
Hrayr wangu alikuwa darasa la nne.
Nilimtambua kwa soksi. Nilizifuma mwenyewe,
moja ndefu kuliko nyingine,
na asubuhi ile alikuwa amezilalamikia.

Tukapewa kontena la chuma. "Kwa muda," walisema.
Muda ukaota kutu.
Majira ya baridi blanketi hugandamana na ukuta,
nami hulibandua alfajiri, polepole, kama ngozi.
Smbat alifia humo, akikohoa,
bado akihesabu mwaka wa kuhamia nyumba.

Wafariji walinijia. Mmoja, tai shingoni, kutoka ng'ambo,
akaniambia mateso ni mwalimu.
Nikamjibu: mwalimu wa mwanangu alikuwa Bi Knarik,
alikutwa amewakumbatia wawili.
Huyo ndiye mwalimu. Huyu wako
hata kuni hajawahi kunipasulia.
Akanywa chai yake kimya. Nilimwongezea sukari,
maana hakuwa mtu mbaya.

Wengine wakasema, baada ya dhiki, faraja.
Bwana, neno "baada" ndilo lililonimaliza.
Nilipanga foleni yake kama foleni ya mkate,
miaka kumi na tisa,
na kila nilipokaribia, dirisha likafungwa.
Kuimba niliimba. Zaburi nilizijua.
Lakini nyumbani mwako nilikaa kama mgeni
asiyevua viatu.

Ndipo usiku ule wa kuamkia Kuzaliwa kwako
(sisi tunakuadhimisha Januari, theluji magotini)
Padri Ghevond akatugawia moto wa madhabahuni,
kila mtu na mshumaa wake mwembamba wa nta,
aufikishe nyumbani ukiwaka.
Zaruhi, jirani yangu, alikuwa kando yangu.
Yeye alizika watatu.
Hesabu hiyo hatukuwahi kuizungumzia.

Upepo ukanizimia kwenye kona ya kiwanda cha soksi.
Nikawasha kwa wake. Darajani ukazima wake,
akawasha kwa wangu.
Mara saba, nane, moto mmoja ukipigwa danadana
baina ya wajane wawili,
mpaka nikasema, "Lete huku," nikauingiza ndani ya koti,
nikatembea nimejikunja kama mwizi wa kuku.

Zaruhi akanusa. "Arshaluys," akasema,
"ama Roho Mtakatifu ameshuka, ama unaungua."

Naungua kweli! Moshi unanitoka kifuani,
nami naruka-ruka thelujini, mshumaa juu,
sikubali kuuzima,
na yeye ananitwanga ubavu kwa kibeti chake,
na kinywani mwangu ikatoka sauti nisiyoitambua.
Kicheko, Bwana. Changu.
Kilikuwa kimejibanza wapi miaka yote hiyo?
Tulicheka mpaka tukaketi. Tulicheka mpaka tukalia,
tukayataja majina yao, yote matano, kwa sauti,
pale pale barabarani, mbwa wakibweka.
Na mshumaa unawaka.

Furaha haikuja baada.
Haikumrudisha Hrayr, haikugeuza kontena kuwa nyumba.
Ilinikuta mlemle, ndani ya koti la marehemu,
ikaniunguza.

Sijalitia kiraka. Zaruhi hunisuta: baridi itaingia.
Na iingie. Nikija kusali natia kidole tunduni,
nakumbuka nawe unalo, ubavuni,
na ulipofufuka hukulishona.

Basi, nimesema. Unga wangu utakuwa umeumuka,
na usiku wa leo ni zamu ya Zaruhi kulivaa.